Mwaka Nilioambiwa Nisifungue Lango

Mliniacha nimepiga magoti. Wiki nzima mmeniacha vile vile, paji la uso kwenye mkeka wa sebule ya Bwana Kurosaka, na pembeni yangu boksi la keki za maharage ambalo hakuna mtu aliyeligusa.

Kwa waliokosa gazeti la wiki jana nitasema kwa kifupi, maana kulirudia lote kunanitia uchungu. Mimi ni Wakui Tokuji, muuza mafuta ya taa wa mji wa Minezawa. Binti yangu Chiharu anapendana na Motoki, mtoto wa pekee wa Bwana Kurosaka, yule mwenye kiwanda cha pombe ya mchele. Nilikwenda kuwaombea ndoa. Nikaambiwa mtoto wa Kurosaka hawezi kuoa kwenye nyumba ya msaliti.

Usaliti wenyewe si wangu, jamani. Ni wa babu wa mababu zangu, enzi za mabwana wa vita, alipofungua lango la ngome kwa ndani akawaingiza maadui. Ngome ikaungua, bwana wake akajipasua tumbo. Na kila mwaka, mpunga ukishavunwa, kikundi chetu cha deraya, yale mavazi ya vita ya kale, kinaliigiza anguko hilo pale pale penye magofu, na kila mtu anacheza nafasi ya ukoo wake. Kurosaka ni ukoo wa bwana wa ngome. Ndiyo maana sote kikundini tunamwita Tono, bwana wetu. Sisi akina Wakui tunafungua lango.

Babu yangu alifungua. Baba akafungua. Mimi nimefungua tangu nina nywele nyingi kichwani, na kila mwaka watazamaji wananirushia pumba za mpunga, ndiyo desturi, mpaka wiki inayofuata bado naokota pumba masikioni. Nikipeleka mafuta majumbani watu wananitania, "Mzee Wakui, ukitoka funga mlango, usije ukatuletea maadui." Nacheka. Ningefanyaje?

Haya. Tulikuwa sebuleni.

"Inuka, Wakui," Bwana Kurosaka akasema. "Unanilowesha mkeka kwa jasho."

Nikainuka. Motoki alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya mapaja, kimya kama mgeni nyumbani kwao.

"Mimi binafsi sina neno na binti yako," mzee akaendelea. "Alimuuguza mama yangu kule kituo cha wazee mpaka dakika ya mwisho. Sijasahau. Lakini nina ukoo. Nina mashangazi. Nikiwaambia Motoki anaoa kwa Wakui, wataniuliza kama nimerogwa."

"Mheshimiwa, lakini ule si mchezo tu? Deraya zenyewe za maboksi!"

Uso wake ukabadilika. Hapo niliteleza vibaya. Kwetu Minezawa unaweza kumtukania mtu mama yake ukasamehewa kwa glasi moja. Lakini deraya hazisemwi kuwa ni maboksi. Kweli tunazikata kwenye maboksi, tunazipaka vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka ukizigonga zinalia, na wake zetu wanazifuma kamba majira yote ya baridi. Ila mtu mwenye akili halisemi.

"Samahani sana," nikasema, paji likarudi kwenye mkeka.

Nikasikia akijimiminia chai.

"Kuna njia moja," akasema.

Nikainua kichwa haraka mpaka shingo ikalia.

"Mwaka huu usifungue lango. Nitakuweka na walinzi waaminifu. Msaliti akija kufungua, wewe unamzuia, anakuchoma, unafia pale pale langoni. Mji mzima uone Wakui amekufa upande wetu. Baada ya hapo nitakuwa na la kuwaambia mashangazi zangu."

Nililia. Mtu mzima na mvi zangu, nililia mbele ya kijana anayetaka kumwoa binti yangu.

"Lakini nani atafungua?" nikauliza, nikijifuta kwa mkono wa koti.

"Hilo si lako. Lango lazima lifunguliwe, historia ni historia. Motoki atatafuta kijana yeyote wa chuo, tumpe chakula cha mchana, avae barakoa, amalize, aende zake."

"Nitamtafuta, baba," Motoki akasema. Hilo ndilo neno pekee alilolitamka siku ile mbele ya baba yake.

Akanisindikiza mpaka kwenye gari langu la mafuta. Akanifungulia mlango, akainama.

"Mzee Wakui, wewe kazana kufa vizuri. La lango niachie mimi."

"Utampata huyo kijana?"

"Nimeshampata."

"Mtu wa wapi?"

"Wa karibu tu."

Sikuuliza zaidi. Furaha ilishanipanda kichwani, ningeuliza nini? Niliendesha mpaka nyumbani nikiimba, nikasahau kupeleka mafuta nyumba tatu.

Mke wangu Sadayo alikuwa jikoni anamenya figili. Chiharu alikuwa ametoka zamu, bado na sare ya kituo cha wazee, anakunywa supu. Nikawaeleza yote nikiwa nimesimama, hata viatu sijavipanga mlangoni.

"Kwa hiyo," Sadayo akasema, kisu hakijasimama, "ili mtoto aolewe, inabidi baba yake auawe."

"Kifo cha uongo, mama Chiharu."

"Hata hicho cha uongo utakiharibu. Nakujua."

Chiharu hakucheka. Aliweka bakuli chini.

"Baba, amesema kweli? Akikuona umekufa atakubali?"

"Amesema atakuwa na la kuwaambia mashangazi."

"Hiyo siyo ndiyo."

"Mwanangu, kwa mtu kama Kurosaka hiyo ni ndiyo na chenji juu."

Akainuka akanishika mikono miwili. Mikono yangu inanuka mafuta ya taa, siku zote huwa anaikwepa.

"Basi mwaka huu nitakuja kutazama," akasema.

Hamjui uzito wa neno hilo. Chiharu alikuwa hajakanyaga magofuni tangu akiwa shule ya msingi, tangu wenzake walipomjazia pumba kwenye dawati wakampa na jina, Bibi Lango. Aliposoma sekondari walimfuata na jina. Alipoanza kazi, wazee wa kituo, hata wale wasiokumbuka majina ya watoto wao, walikumbuka hilo. "Bibi Lango, nifungulie choo." Anafungua, anatabasamu, akirudi nyumbani anaoga muda mrefu.

Sasa anasema atakuja. Hata Sadayo aliacha figili.

Mazoezi yakaanza Jumapili iliyofuata, kwenye ukumbi wa mji. Mwalimu wa vifo ni Gonda, mpeleka barua mstaafu, ambaye ndiye jemadari wa maadui. Ni rafiki yangu, lakini ulimi wake hauna rafiki.

"Wakui! Unakufa kama mtu anayetafuta miwani!"

"Nina mgongo, bwana."

"Maiti hana mgongo! Umechomwa mkuki, unaangalia kwanza pa kulala? Dondoka!"

Nikadondoka. Ukumbi mzima ukatikisika.

"Afadhali," Gonda akasema. "Sasa angalau ni kifo. Mwanzo ilikuwa ni usingizi wa mchana."

Nilipewa deraya ya kamba nyekundu, ya walinzi waaminifu. Ile nyeusi ya kwetu, aliyoitengeneza marehemu baba kwa mikono yake, niliipeleka ukumbini nikaitundika ukutani kwa ajili ya huyo kijana wa chuo. Wiki iliyofuata nikakuta haipo. Nikasema vizuri, kijana ana bidii, amekwenda kuijaribu.

Jambo moja mlielewe, maana ndilo lililoniua kweli. Ukumbini hakuna lango. Lango letu la mbao linasimamishwa magofuni asubuhi ya siku yenyewe. Na baragumu letu la kombe la bahari halipigwi mazoezini, maana ukumbi unapakana na zahanati na wagonjwa walishalalamika. Kwa hiyo Gonda alikuwa anapiga makofi tu. "Hapa baragumu linalia! Hapa msaliti anakuja! Haya, Wakui, kufa!" Nami nakufa.

Nilikufa vizuri mno. Mwisho wake hata Gonda alinishika bega akasema, "Ndugu yangu, ukifa hivi siku yenyewe, mimi adui nitalia."

Siku ikafika. Anga safi, baridi kidogo, mashamba yameshavunwa, watu wamejaa kwenye mteremko mpaka juu ya kuta. Kila mtu na mfuko wake wa pumba.

Nilimtafuta Chiharu kwa macho. Alikuwa safu ya mbele kabisa, amevaa koti lake la bluu, Sadayo ubavuni. Safu hiyo hiyo walikaa mashangazi wa Kurosaka, wamenyooka kama mishumaa. Nikaona mmoja wao, yule mkali kuliko wote, anajisogeza, anampa Chiharu mto wa kukalia. Kwa mkono wake mwenyewe! Sadayo akanionyesha kwa kidevu, kana kwamba sikuona. Nilitaka kurukaruka pale pale na deraya yangu.

Bwana Kurosaka alikaa juu ya jukwaa la ngome, kwenye kigoda, kofia ya vita yenye pembe kichwani, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye ukosi wa deraya. Akatoa hotuba ya bwana wa ngome. Sauti ikatoka kwenye spika zote, ikafika mpaka stesheni.

Mimi nimesimama langoni na mkuki wangu. Nyuma yangu nikasikia hatua, nikageuka. Msaliti huyo anakuja, amevaa deraya nyeusi ya baba yangu, barakoa ya vita imemfunika kuanzia puani mpaka kidevuni. Imembana mabegani. Aliposimama mahali pake aliniinamia, chini sana, kuliko ambavyo angeinama kijana wa chuo aliyeahidiwa chakula cha mchana.

Nikasema moyoni, huyu kalelewa.

Baragumu likalia. Mara ya kwanza, ngoma za maadui zikaitikia huko nje. Mara ya pili, walinzi wenzangu wakapiga kelele za vita.

Mara ya tatu.

Sikuamua. Naapa kwa kaburi la baba yangu, sikuamua. Mkuki ulinitoka mkononi. Mkono wa kushoto ukaenda chini ya komeo, ukalinyanyua, bega la kulia likasukuma, mguu ukarudi nyuma kupisha mbao. Vile vile ninavyofanya kila mwaka, vile vile alivyonifundisha baba nikiwa kijana, ananipiga bega kila nikichelewa. Baragumu la tatu, komeo. Mwili ulishamaliza kazi ndipo akili ikafika.

Lango likafunguka lote.

Nje, maadui walikuwa bado. Mwaka huu waliambiwa wangoje kwanza mlinzi auawe, walijua bado wana muda. Mmoja alikuwa anafunga kiatu. Gonda, jemadari, alikuwa na kikombe cha chai mkononi.

"We Wakui!" akapiga kelele. "Bado hujafa!"

Watu walicheka. Kicheko kilianzia chini kikapanda mpaka kwenye kuta. Nikasimama katikati ya lango na deraya nyekundu ya uaminifu, komeo nimelikumbatia kama mtoto mchanga. Yule msaliti alikuwa bado yuko nyuma yangu, mkono ameunyoosha, hana cha kufungua.

Kisha pumba ya kwanza ikanipiga usoni. Na ya pili. Zikaja zote.

Sikuangalia waliko mashangazi. Nilimwangalia Chiharu. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Bwana Kurosaka akasimama. Akashuka ngazi za jukwaa moja moja, pembe za kofia zinatikisika, akaja mpaka mbele yangu. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. Alijua? Hakujua? Mimi mpaka leo sijui, ila kila alichoniambia mimi, aliuambia mji.

"Wakui."

"Tono."

"Nimekupa uaminifu wa bure. Nimeuweka mkononi mwako. Umeshindwa kuushika hata kwa muda wa mtu kupiga chafya."

"Ni mkono, mheshimiwa. Umezoea."

"Ndilo ninalolisema mimi siku zote!" Spika zikakwaruza. "Umezoea. Baba yako alizoea. Na wajukuu wako watazoea. Sitaki mazoea hayo nyumbani kwangu. Ndoa hakuna."

Pumba ziliacha kurushwa. Watu walikuwa wamekuja kutazama vita vya zamani, wakakuta hivi. Shangazi mkali alisimama, na Chiharu akasimama pia, bila kuambiwa, akamrudishia mto wake.

"Baba, zima hicho kipaza sauti."

Ilikuwa sauti kutoka ndani ya barakoa. Bwana Kurosaka hakugeuka hata kidogo.

"We kijana, kazi imekwisha. Nenda kale chakula chako."

"Baba."

Hapo akageuka. Kijana akafungua kamba za barakoa, zikamsumbua. Ilipoanguka nikamwona Motoki.

Nilikaa chini.

"Umevaa nini wewe?" baba yake akasema, polepole.

"Deraya ya kina Wakui. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nafasi ya ukoo inachezwa na mtu wa ukoo, si kibarua." Motoki alisimama wima, uso umemwiva. "Nimeamua kuingia kwao. Nikimwoa Chiharu nitachukua jina la Wakui. Lango nitakuwa nalifungua mimi, pumba nitapigwa mimi. Mzee apumzike. Nilitaka uone kwanza, ndipo nikwambie."

Kwetu mwanamume kuingia ukoo wa mkewe si ajabu, hasa mke akiwa hana kaka. Lakini hafanyi hivyo mtoto wa pekee, tena mtoto wa Kurosaka, aingie kwa Wakui. Nilisikia mteremko mzima ukivuta pumzi.

Bwana Kurosaka akavua kofia yake ya vita, akaiweka chini ardhini, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya.

"Mmesikia wote," akasema, na spika zikasema naye. "Nyumba ya Kurosaka haina mtoto."

Motoki alipiga magoti akainama mpaka paji likagusa udongo. Akakaa hivyo. Baba yake alishapita, alishateremka, mashangazi wakamfuata kwa mstari. Mke wa Kurosaka alisimama kidogo, akanyoosha mkono kumwelekea mwanawe, kisha akauvuta akaenda na wenzake.

Dada wa ofisi ya mji aliyekuwa mtangazaji akajikohoza kwenye spika. "Wapendwa wageni, kutakuwa na, eh, mapumziko mafupi. Supu ya nguruwe inapatikana nyuma ya hema."

Hakuna aliyekwenda kwenye supu.

Sasa nitasema jambo ambalo hata Sadayo sijamwambia, atalisoma humu gazetini kama ninyi. Nilifurahi. Nimekaa chini kwenye pumba, nimeaibika mbele ya mji, nimemvunjia binti yangu ndoa kwa mkono wangu mwenyewe, na ndani yangu nilikuwa nafurahi. Sina mtoto wa kiume. Na huyu hapa kijana mwenye kiwanda, mwenye jina, amevitupa vyote ili aitwe kama mimi. Nilishamwona amekaa mezani kwetu, nampa kipande kikubwa cha samaki. Nilishamwona anawasha ubani mbele ya picha ya baba. Nikasema kumbe mambo yamekwenda vizuri! Kumbe lango limefunguka kwa heri!

Mjinga mimi.

Chiharu alivuka kamba ya watazamaji. Watu wakampisha, na wengine tayari wanatabasamu, mama mmoja ameshatoa leso. Motoki alimwona akija, akanyanyuka kutoka udongoni, akajipangusa magoti. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba zawadi.

"Nani alikutuma?" Chiharu akamuuliza.

"Hakuna. Mimi mwenyewe. Nilitaka baba yako asi..."

"Uliniuliza?"

Motoki akajipangusa magoti tena.

"Siku zote tulizokaa pale mtoni, Motoki, nilikuwa nakwambia nini? Nilikwambia nataka nini?"

"Unataka tuoane."

"Nilikwambia nataka kuitwa Kurosaka." Hakuwa anapiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Au Gonda. Au jina lolote. Nilitaka siku moja nijitambulishe kwa mtu asicheke. Ndicho nilichokuwa nakingoja tangu niko darasa la tatu. Na wewe umekwenda kulichukua jina langu ukalivaa!"

"Kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya baba yangu. Mimi umenifungia ndani."

Mama Chiharu alikuwa ameshafika, anahema. Akamshika mtoto mkono. "Chiharu, mwanangu, taratibu. Watu."

"Nitakwenda kwa baba," Motoki akasema haraka. "Nitamwomba radhi. Nitamwambia nimefuta."

"Ameshasema mbele ya mji. Umewahi kumwona baba yako akirudisha neno?"

Sote tunamjua Kurosaka.

"Nilikupenda sana," Chiharu akasema. "Labda bado nakupenda, sijui, leo sijui kitu. Lakini siolewi na Wakui mwingine. Wakui mmoja alinitosha."

Na hapo akanitazama mimi.

Nilitaka kusema kitu. Mwanangu, samahani. Mwanangu, ni mkono tu. Kinywani nilikuwa na pumba. Alijikung'uta zile zilizomwingia kwenye nywele, akafunga vifungo vya koti lake la bluu mpaka juu, akashika njia ya stesheni. Hakugeuka. Gonda aliyekuwa amesimama njiani na kikombe chake cha chai alivua kofia ya vita akampisha.

Watu wakaanza kuondoka. Wanapita pembeni yetu wanatazama chini, wengine wanamwaga pumba zilizobaki kwenye majani, kwa adabu, kama watu wanaotoka msibani. Vijana wa kikundi wakaanza kubomoa lango. Hakuna aliyeniomba nisaidie.

Tukabaki watatu. Mimi chini, Sadayo amesimama, na Motoki katika deraya nyeusi ya baba yangu, inayombana mabegani. Alitazama upande walikokwenda wazazi wake. Akatazama upande wa stesheni. Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, macho mekundu.

"Baba," akaniita. Hajawahi kuniita hivyo. "Mimi leo nikalale kwa nani?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwetu. Kungekuwa wapi kwingine? Ndipo nikasikia vidole vya Sadayo vinaniingia begani, juu ya zile kamba nyekundu, anainama sikioni.

"Ukimleta huyu nyumbani, baba Chiharu, mtoto wako harudi tena."

Alidhani ananong'ona. Motoki alikuwa karibu mno, alisikia. Hakuondoka. Alibaki amechuchumaa pale pale ananitazama, anangoja jibu langu.